Lebo Moja Iliyobaki Nyeupe

Wiki iliyopita mliniacha kwenye chumba cha maziwa, simu sikioni, Kabiru, mnunuzi wetu wa Nairobi, akiniambia kwa sauti ya upole kwamba maziwa yangu si ya ngamia peke yake. Angenigombeza ningejua pa kushika. Upole wake ndio ulionitia homa.

Kwa asiyenijua, mimi ni Khadra. Hapa Isiolo wananiita Mama Guyo. Napokea maziwa ya ngamia kutoka kwa akina mama wa Gotu na Ngare Mara, nayachanganya pamoja, nayapoza, nayapeleka Nairobi kwa basi. Friji yangu ya kwanza iliungua. Baadaye gari la maziwa likasombwa na laga, ule mto mkavu uliofurika ghafla, na niliwasimulia lilivyopatikana. Nikataka kuacha. Mume wangu Sora, mchuuzi wa mifugo, akaniletea friji nyingine kubwa kuliko ile, akasema amepata bahati soko la Oldonyiro. Nilimwombea dua usiku na mchana.

Sasa Kabiru ananiambia kuna mtu anatia maziwa mengine ndani ya yetu.

"Nani?" nikamuuliza.

"Hiyo ndiyo kazi yako," akasema. "Mimi napata maziwa yakiwa yameshachanganyika. Wewe ndiye unaona mtungi wa kila mama. Sasa weka bakodi kwa kila mtungi. Ukipokea, unasoma na mashine, unapima, inajulikana ni ya nani. Nakuja kuona mwenyewe. Nikikuta bado, Mama Guyo, tutatafuta watu wengine."

Kila mama niliyemjua alikuwa analisha watoto kwa mtungi wake. Watu wengine wakitafutwa, sisi tumekwisha.

Nikaenda kwa Karimi, Mmeru mwenye duka la kuchapisha karibu na soko. Nikamwambia nataka ile mistari myeusi inayokaa kwenye paketi za sabuni.

"Kuna za aina mbili," akasema, akaniwekea mezani. "Hii ya karatasi haina wino. Mashine inaichoma tu, inaandika. Ni ya bei ya chini, inafaa vitu ya haraka haraka. Hii ingine ni plastiki, inachapwa na utepe wa wino. Hiyo iko juu kidogo. Unaweka wapi?"

"Kwa mitungi ya maziwa."

"Maji itaingia?"

"Tunaosha."

"Nitakuwekea selotepu juu. Jua je?"

"Gari iko na turubai."

"Joto?"

Nikacheka. "Karimi, maziwa inaenda kwa friji. Joto itoke wapi?"

"Basi chukua ya karatasi," akasema. "Usiharibu pesa bure."

Nikachukua ya karatasi. Nikaona nimepata mshauri mwenye utu, nikabandika lebo kwenye tumbo la kila mtungi wa aluminiamu, nikajiona mimi ni kampuni.

Asubuhi iliyofuata mitungi ilipotoka Gotu, lebo zilikuwa zimeingia wingu la kijivu. Asubuhi iliyofuata tena zilikuwa nyeusi tititi. Mashine nikaisogeza, nikaielekeza huku na huku, haikulia. Mistari ilikuwa imemezwa na weusi wote.

Zote, isipokuwa moja.

Lebo ya mama mkwe wangu ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani. Jina lake silitaji mbele yake, ndiyo heshima yetu, na hata hapa gazetini mkono unakataa kuliandika. Nitamwita Mama. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wote wa maziwa. Nilipoona lebo yake nikatikisa kichwa kwa kujivunia. Mwenye kujua kutunza kitu, anatunza.

Nikaipiga picha, nikaenda nayo kwa Karimi.

Sikumsalimia. "Umeniuzia takataka."

"Habari kwanza, Mama Guyo."

"Habari ni hii." Nikamtupia mezani lebo nyeusi niliyoibandua.

Aliigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa. Nikamtazama machoni. Mtu mwenye hatia hachelewi kuangalia pembeni. Karimi hakuangalia pembeni, na mimi hilo nikalihesabu kuwa ujanja.

"Hii imeshikwa na moto," akasema.

"Moto gani? Ulikuwa na karatasi mbovu, ukanisukumia."

"Kama karatasi ni mbovu, zote zingekuwa mbovu."

"Zote ni mbovu. Hii tu ndiyo nzima." Nikamwonyesha picha ya lebo ya Mama. "Mama mkwe wangu peke yake ndiye mwangalifu."

Karimi aliishika simu yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Basi enda umwulize huyo," akasema. "Umwulize yeye hufanya nini tofauti na wengine."

Nikatoka na hasira. Anataka nimwulize mama mkwe wangu maswali ya askari? Watu wa duka, nikajiambia, wakishikwa hutafuta mtu wa kumtupia mzigo.

Lakini shaka ikishaingia kifuani haikai mahali pamoja. Njiani nilianza kuwaza upya. Nani anafaidika bakodi isiposomeka? Ni yule anayechanganya maziwa. Mitungi inakwenda Gotu mitupu ikiwa na lebo nyeupe. Inarudi imejaa, lebo nyeusi. Katikati kuna mtu mmoja tu mwenye gari na mwenye nafasi.

Lochoro, dereva wa pikapu, alikuwa anakagua tairi nilipomfikia.

"Lochoro, hizi lebo zinaharibikia wapi?"

"Mimi nabeba mitungi, Mama Guyo. Lebo sijui."

"Anayeziharibu hataki ijulikane maziwa ni ya nani."

Akasimama wima. Lochoro ni Mturkana mrefu, na akisimama unajua amesimama.

"Unanishuku mimi?"

"Nauliza tu."

"Hapana, unashuku." Akafungua mlango wa mbele. "Panda. Twende Gotu, ulale huko, kesho urudi na mimi. Ukiona nimefungua kifuniko hata kimoja, uniite mwizi katikati ya soko."

Nikapanda. Alikuwa ameshashika usukani alipoongeza, bila kunitazama, "Na kesho tukipita njia panda ya Ngare Mara uangalie pia. Kuna mtungi mimi huchukua hapo barabarani kila siku. Ngamia sijawahi kuona hata kivuli."

"Huo ni mtungi wa mama mkwe wangu. Chunga mdomo wako."

"Nimechunga," akasema, akawasha gari, tukaelekea Gotu.

Nililala kwa Istahil, mmoja wa mama zangu wa maziwa, mtu wa maneno machache na maziwa mazuri. Mitungi mitupu tuliishusha sote, nikaikagua. Nilikuwa nimebandika lebo mpya za karatasi kabla ya kuondoka, na zote zilikuwa safi. Lochoro alilala kwenye gari lake, mbali kabisa na mitungi, na mimi nililala jicho moja wazi nikimlinda yeye.

Kumbe nilikuwa namlinda mtu asiye na kosa.

Alfajiri ngamia walianza kulia wakidai ndama wao. Istahil akachukua mtungi wake, akaukausha kwa kitambaa. Halafu akaenda motoni, akachagua vipande vya ejersa, mti wetu wa kuvukizia, vilivyoshika kaa jekundu, akavitia ndani ya mtungi, akafunga kifuniko, akautikisa. Moshi ukatoka pembeni ya kifuniko, ile harufu tamu niliyonyonya nayo.

Nilikuwa nimeona jambo hilo tangu sijaota meno. Mama yangu alifanya, bibi yangu alifanya. Hakuna mwanamke wa kwetu anayekamua kwenye chombo ambacho hakijavukizwa. Moshi ndio unaoua uchafu, ndio unaotia ladha, ndio unaofanya maziwa yafike mjini bila kuchacha. Nilitazama jinsi unavyotazama mtu akifunga kamba ya kiatu.

Kisha jicho likaanguka kwenye lebo.

Ilikuwa inageuka. Kijivu kilianzia katikati, pale kaa lilipogusa ukuta wa mtungi kwa ndani, kikatambaa kuelekea kwenye kona. Mistari ikazama mmoja mmoja. Nikaweka kiganja kwenye tumbo la mtungi, nikakiondoa haraka. Ulikuwa wa moto.

Karatasi ambayo huandikwa kwa joto, nasi tulikuwa tunaitia joto kila asubuhi. Zamani tulivukiza vibuyu na vyombo vya kusuka, na kibuyu hakina lebo. Wahenga wanasema pafukapo moshi pana moto. Mimi nilizaliwa kwenye huo moshi, na Karimi aliponiuliza joto nikamcheka.

"Istahil," nikasema, "kila mtu hufanya hivi kila siku?"

Aliniangalia kama niliyepigwa na jua. "Mtungi bila moshi? Mimi hiyo siwezi kutia maziwa. Afadhali nimwage chini, mbuzi wanywe."

Nikakimbia juu ya kilima kutafuta mtandao, nikampigia Karimi. Nikamweleza. Nikamwomba radhi kabla hajasema neno, maana nilijua nikingoja nitakosa ujasiri.

"Nilikuuliza joto," akasema.

"Nilidhani unauliza joto la friji."

"Nilikuuliza joto, Mama Guyo. Mimi nitajuaje maziwa yenu inaanza na moto?" Kisha akacheka, na nikajua amenisamehe. "Wacha nichape zile za plastiki za wino. Lakini tusiweke kwa tumbo, tuweke hapo juu kwa mkono wa mtungi, kaa haifiki. Huyo mtu wa Nairobi anakuja lini?"

"Leo."

"Ala," akasema Karimi, na simu ikakatika.

Nilibaki pale kilimani nikitabasamu peke yangu. Karimi si mwizi. Lochoro si mwizi. Lebo mpya zinachapwa. Upepo ulikuwa mzuri na ngamia walikuwa wanakamuliwa. Ndipo maneno ya Istahil yakanirudia, yale ya mtungi bila moshi.

Lebo ya Mama ilikuwa nyeupe.

Tabasamu likanikauka mdomoni. Kama lebo yake haijawahi kuungua, mtungi wake haujawahi kuvukizwa. Na kama haujavukizwa, ndani yake hamna maziwa yaliyokamuliwa na mwanamke wa kwetu. Mama, aliyenifundisha mimi kuchagua ejersa nilipoolewa, hawezi kusahau moshi. Anaweza tu kutouhitaji.

Hapa naungama, kwa sababu gazeti hili nimeliahidi ukweli. Tangu Kabiru atoe onyo, nilipima mtungi wa kila mama. Nilinusa, nilionja, nilitazama kwenye mwanga, hata maziwa ya Istahil. Mtungi wa Mama peke yake sikuupima. Mkwe anaonjaje maziwa ya mama mkwe wake mbele ya watu? Ungekuwa ni kumwambia sikuamini. Kila siku nilifungua kifuniko huku nimegeuza uso, nikamimina pamoja na ya wengine.

Wageni niliwashuku kabla hata sijanawa uso. Wa nyumbani nilimfumbia macho na nikaiita heshima.

Kwenye njia panda ya Ngare Mara mtungi ulikuwa juu ya jiwe, na Mama amekaa kando yake, shela lake limefunikwa vumbi. Hapakuwa na ngamia, wala kinyesi cha ngamia. Lochoro alisimamisha gari akatazama mbele, hakusema nimekuambia. Kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote.

"Salaam aleikum, Mama," nikasema.

"Aleikum salaam, mwanangu." Aliponiona ndani ya gari alishtuka, kidogo tu. "Nakuja nanyi. Mgeni hawezi kupokewa bila mwenyekiti."

Nilishuka kumsaidia na mtungi. Nilipouinua nikausogeza uso wangu karibu na kifuniko, kama anayepanga mkono vizuri. Haukuwa na harufu ya moshi hata chembe.

Tulikaa watatu mbele. Mama alishika tasbihi yake.

"Umelala Gotu?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Umeona nini huko?"

"Nimeona wanavyovukiza mitungi."

Akasukuma punje moja ya tasbihi, halafu nyingine. "Vizuri," akasema, na akageukia dirishani.

Mjini tulimkuta Kabiru ameshafika. Sora alikuwa amemkaribisha kwenye chumba cha maziwa na kumpa chai, na walikuwa wanaongea habari za mvua. Mume wangu ana mdomo mtamu kwa wageni. Karimi aliingia nyuma yetu akihema, lebo mpya mkononi. Akina mama wachache wanaokaa mjini walikuwa wameshajipanga ukutani.

"Tubandike haraka," nikamwambia Karimi.

Yeye akaanza upande mmoja, mimi upande mwingine. Niliuelekea mtungi wa Mama moja kwa moja. Nikabandika mpya kwenye mkono wa mtungi. Ile nyeupe ya zamani nikaibandua kwa ukucha, nikaikunja ndani ya kiganja. Gundi ilinishika ngozi. Nikadhani hakuna aliyeona.

Kabiru akapita na mashine yake. Ikalia kwa mtungi wa kwanza, ikalia kwa wa pili, ikaendelea kulia mpaka mwisho. Akatabasamu, na akina mama wakaanza kunong'ona kwa furaha.

"Kazi nzuri," akasema. "Lakini niliambiwa mlikuwa na shida. Lebo zinakuwa nyeusi?"

Ningemjibu mimi, yangeishia hapo. Karimi alinitangulia, na namjua, alitaka kunisifu.

"Ni huu moshi yao," akasema. "Wanaweka kaa ya moto ndani ya mtungi kabla ya kukamua. Karatasi ya kwanza haikuweza hiyo joto. Mama Guyo ndiye aligundua."

"Kwa hivyo mtungi ukivukizwa, lebo lazima iungue," akasema Kabiru polepole. Ni mtu wa kufikiri, na nilimwona akifikiri. "Na zote ziliungua?"

"Zote, isipokuwa moja. Mama Guyo aliniletea picha yake, akaniringia nayo."

Minong'ono ikakatika. Wanawake wa kwetu hawahitaji kuelezwa mambo ya moshi mara mbili. Wakaanza kutazamana, kila mmoja akijua ni mtungi wa nani haukuungua, na hakuna aliyethubutu kumtazama Mama.

Kabiru aliweka kikombe chini. "Hiyo moja iko wapi?"

"Ilipotea," nikasema.

"Ilipotea?"

"Tulipokuwa tunaosha."

Lebo nilikuwa nimeifumbata kiganjani. Nilimtazama Sora anisaidie, aseme neno moja tu la kumpumbaza mgeni kama anavyojua. Sora alikuwa anatazama sakafu.

"Mama Guyo," akasema Kabiru kwa ile sauti ya upole, "kama unamficha mtu, basi ninyi nyote mnamficha. Nitafunga biashara hii leo."

Ndipo Mama akasimama kutoka kwenye kiti chake. Alikuja mpaka mbele yangu, akashika mkono wangu uliokunjwa. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Mfungulie mgeni mkono, Khadra," akasema. "Mtungi ni wangu. Ni unga wa maziwa wa dukani, nakoroga na maji. Ngamia sina tena."

"Mama, tangu lini?" nikauliza. "Ngamia wako wote wamekwenda wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye friji yangu kubwa, ile iliyokuwa inanguruma kwenye kona.

"Wamo humo ndani," akasema. "Muulize mume wako aliwauza Oldonyiro kwa ruhusa ya nani. Mimi nilikuwa nakoroga unga ili msijue nimezaa mtoto wa namna gani."

Lebo ilinidondoka kiganjani. Nikageuka kumtazama Sora. Nilitaka akane. Nilitaka apandishe sauti, aape, aseme mama yake amezeeka na anachanganya mambo.

Sora alijikung'uta vumbi kwenye shati ambalo halikuwa na vumbi, kisha akamgeukia Kabiru.

"Ndugu yangu," akamwambia, "ukirudi Nairobi leo, kwa gari yako kuna nafasi ya mtu mmoja?"